Onyesho Katika Ghala la Karanga

Kambi ya Magogo, juu ya Lambaréné, Gabon
11 Januari 1987

Mwanangu Maguette,

Salamu nyingi kutoka msituni. Mimi mzima. Naomba nawe uwe mzima, na mama yangu, bibi yako, goti lake limpunguzie maumivu, na watu wote wa nyumba yetu ya Rufisque, wa juu na wa chini, na majirani wa upande wa bahari na wa upande wa reli. Msalimie pia yule mbuzi mweusi, kama bado hamjamla.

Barua hii anakuja nayo Modou Faye, niliyekuwa nalala naye banda moja. Yeye amemaliza mkataba. Anarudi nyumbani moja kwa moja na godoro lake, redio yake na kikohozi chake. Nimempa kitambaa akuletee. Ni kitenge cha rangi ya chungwa chenye majani ya mgomba, nilikinunua Port-Gentil tuliposhusha magogo mwezi uliopita. Kiweke kwenye sanduku la bati pamoja na wenzake, juu uweke ubani, na usikikunjue kila mgeni anapoingia.

Kazi ni ile ile. Tunaangusha mti, tunaukata matawi, trekta linauvuta hadi mtoni, mto unaupeleka. Mti mkubwa unaweza kutumaliza nusu ya siku, na ukishaanguka unatuacha tumesimama kwenye jua kali kama watu waliovuliwa nguo sokoni. Nimechoka, sitakuficha. Mimi nina miaka thelathini na tisa lakini mgongo wangu una sitini. Kuna jambo dogo lilitokea Novemba, limeshapona, si la kuandika.

Umesema unashona sare za shule kwenye baraza la muuza mkate. Endelea. Sare hazina uzuri lakini watoto hawaachi kukua.

Mwambie mama asihangaike na mambo ya tarehe ya harusi. Wakati ukifika nitasema mimi mwenyewe.

Nimeandika kwa mkono wangu. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo usicheke herufi.

Baba yako mdogo,
Ndiaga Diop


Rufisque, 15 Februari 1987

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Bibi mzima, goti linamsumbua asubuhi tu, kuanzia adhuhuri linasahau. Mbuzi tulimla kwenye akika ya mtoto wa jirani, naye alilipiza kisasi kwenye meno yetu. Modou Faye alifika salama. Bibi alimwuliza, "Mwanangu ananenepa huko?" Akajibu, "Ananenepa," huku anatazama mlango.

Barua yako niliisoma kwa sauti, kama kawaida, nyumba nzima imekaa. Umewasalimia wa juu na wa chini, wa bahari na wa reli, hadi marehemu mbuzi. Seynabou hukumsalimia. Naye alikuwa pale pale, anachambua mchele pembeni ya Bibi, maana kila Jumapili huja kumsaidia kama mkwe mwema. Ilibidi nimtungie salamu papo hapo, nikazisoma kana kwamba zimeandikwa. Mara nyingine zijaze mwenyewe. Amechumbiwa nawe miaka minne, Baba Mdogo, na juzi baba yake alimwuliza Bibi kama Gabon iko mbali kuliko Makka.

Sasa jambo lililonifanya nikae na kalamu.

Kuna mwanamke wa Abidjan, Bi Koffi, ana duka kubwa la nguo kule. Kila mwaka baada ya Idi ndogo hupita Dakar kutafuta mafundi, na wiki hii amepita kwa shughuli nyingine. Nilimfuata hotelini na nguo tatu begani. Alizigeuza ndani nje, akavuta mishono kwa kucha, halafu akasema: "Mkono unao. Lakini mimi sinunui nguo iliyolala kwenye kiti. Nataka kuona mkusanyo mzima umevaliwa na wanawake, unatembea. Nionyeshe nguo ishirini, nami nitakuja popote utakaponiita." Nikamjibu palepale, "Njoo Rufisque, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi." Sikujua nimepata wapi mdomo ule, lakini siujutii.

Wenzangu wa Dakar hukodi ukumbi wa hoteli, taa, wasichana warefu na muziki. Mimi nina cherehani moja ya mguu na mkasi wa marehemu baba. Watu ninao. Mahali nitapata. Kitu ambacho sina kabisa ni vitambaa.

Sanduku lako lina vitambaa ishirini na viwili.

Sikuombi unipe. Naomba nivikate, nivishone, vitembee siku moja. Bi Koffi akichukua nguo yoyote, nitarudisha kitambaa cha namna ile ile. Atakazoziacha zitakuwa nguo za harusi za Seynabou, zimeshonwa bure na binti wa shemeji yake. Akinikubali nitafungua chumba changu cha ushonaji. Akinikataa nitarudi kwenye sare za shule, na sare nitakazoshona zitakuwa za wajukuu wa watoto ninaowashonea leo.

Nijibu upesi. Idi iko mwisho wa Mei na mwezi wa mfungo mikono hulegea.

Mwanao,
Maguette


Kambi ya Magogo
29 Machi 1987

Mwanangu Maguette,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa nyumba nzima. Mimi mzima. Hapa tunakula samaki wa moshi na mhogo, kesho mhogo na samaki wa moshi. Wali kwa samaki wa nyumbani nauona ndotoni, na hata huko huwa ninaamka kabla sahani haijashushwa.

Barua yako imenikuta nimekaa. Siku hizi nakaa sana. Wamenitoa kwenye misumeno, wamenipa kazi ya kupima magogo na kuyaandika kwa chaki. Ni kazi nyepesi. Usiulize kwa nini.

Sanduku. Usikate.

Sijaandika hivyo kwa hasira. Mkono wako naujua. Suruali uliyonishonea ndiyo pekee ambayo msitu huu haujaipasua. Lakini sikiliza. Kile cha bluu chenye ndege nilikinunua baada ya homa iliyowafanya wenzangu waanze kugawana sufuria zangu. Kile cheusi chenye duara nyekundu, mwanamke wa sokoni alikataa kupunguza bei mpaka nikamwimbia mbele ya watu, nami sijui kuimba. Ninapokuwa na matope hadi kiunoni hujiambia, kuna vitu vyangu viko mahali pakavu. Ukivikata, vitu vyangu vitakuwa wapi?

Halafu kuna desturi, na wewe unaijua. Bibi harusi hupewa kitambaa kizima, mkasi wa kwanza anaupitisha yeye. Kitambaa kilichokatwa na mtu mwingine kabla yake ni mtumba. Siwezi kumpelekea mtu mtumba.

Umeniuliza kuhusu Seynabou. Huku mvua ni kubwa. Mto umepanda hadi ngazi ya tatu ya stoo na boti la posta halijaonekana tangu wiki iliyopita. Sijui barua hii itaondoka lini.

Mtafute yule mama wa hoteli, mwambie aangalie nguo kwenye kiti.

Baba yako mdogo,
Ndiaga


Rufisque, 26 Aprili 1987

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima, na mfungo unaanza wiki hii. Bibi ameshaanza kugombana na jirani kuhusu mwezi utakavyoonekana. Jibu lako sijalipata. Kila siku naenda posta, na karani akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika mlangoni.

Mahali nimepata. Unalikumbuka ghala la karanga la kina Ndiaye, lile la zamani karibu na reli, lenye mabati yaliyotoboka? Nilimfuata Mzee Ndiaye mwenyewe, amekaa mlangoni anakunywa chai. Kabla sijafungua mdomo akapaza sauti:

"Diop! Mla wali wa watu! Nani amekufungulia geti?"

"Nimejifungulia," nikamwambia. "Mtu haombi ruhusa kuingia kwa mtumwa wake. Nimekuja kuangalia ghala langu kama unalitunza."

"Ghala lako? Ukoo wenu mzima haujawahi kujenga hata banda la kuku! Kuku wenyewe mliwaiba kwetu."

"Tuliwakomboa. Kwenu walikuwa wanakufa kwa njaa, nyie mnakula hadi pumba."

Watu walijaa. Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanzu, kisha akaniuliza nataka nini. Nikamweleza. Akasema, "Pesa sitaki. Nikichukua pesa kwa mtani wangu wajukuu wangu watanicheka. Ila siku hiyo mbele ya watu itangazwe kwamba Diop amemwangukia Ndiaye miguuni." Nikamwambia itatangazwa kwamba Ndiaye amemrudishia bwana wake mali yake. Tukaachana hapo. Funguo ninazo.

Ndani kuna magunia matupu ya tangu enzi za babu. Tunayafua na kuyashona pamoja yawe njia ya kutembelea. Harufu ya karanga haitoki, nami nimeacha kuitoa. Taa hatuna, lakini saa kumi na moja jua hupenya kwenye matundu ya bati na kuanguka sakafuni vipande vipande. Nimeweka alama kwa chaki kila linapoangukia. Wanawake watatoka kwenye kivuli, waingie kwenye jua, watoke, waingie. Hoteli ya Dakar haina taa kama hiyo.

Wa kutembea ni wanawake wetu: wawili wa kukausha samaki, mwalimu wa chekechea, msusi, mama muuza uji, na wengine wa mtaani. Nyumbani tuna jozi nne tu za viatu vya maana, kwa hiyo anayerudi anavua, anayetoka anavaa. Tumefanya mazoezi ya kuvua kuliko ya kutembea.

Na vitambaa, Baba Mdogo. Nilisubiri hadi nisingeweza tena kusubiri. Sanduku lilifunguliwa Jumatano. Kitambaa cha kwanza kimekatwa. Sikukata mimi. Nani aliyekata sitakuandikia leo.

Maguette


Rufisque, 30 Mei 1987

Baba Mdogo,

Idi njema. Tumesali, tumekula, Bibi alivaa nyeupe na akataka kila mtu amwambie amependeza.

Barua yako ya Machi imefika leo, imeloa na kukauka mara kadhaa. Wino umekimbia mahali pengi, lakini neno "usikate" limebaki zima, kama makusudi.

Nimelisoma. Nguo ishirini zinaning'inia ukutani. Zikishindwa Jumamosi ijayo nitakuwa nimekuharibia sanduku, nimekuharibia harusi, nami nitakubali kila neno utakaloniita. Sitakimbia.

Jambo jingine nilikuwa nimelificha, lakini wewe nawe unaniandikia habari za mvua. Kuna mtu wa Kaolack, muuza vipuri vya magari. Amekwenda mara mbili kwa baba yake Seynabou na kola, zile mbegu za posa, kwenye kikapu. Mara ya kwanza kola zilirudishwa. Mara ya pili zimebaki sebuleni, hazijaguswa, hazijarudishwa.

Maguette


Rufisque, 9 Juni 1987

Baba Mdogo,

Shikamoo. Wote wazima. Kaa vizuri kwanza.

Bi Koffi alikuja Jumamosi saa kumi na nusu, na viatu vyeupe, akakanyaga vumbi la ghala kana kwamba ni zulia. Watu walikuwa wengi kuliko mikeka. Mzee Ndiaye alijikalisha mbele kabisa na kumwambia Bi Koffi, "Mama, usiogope, ghala ni langu, hawa wote ni watumwa wangu." Bi Koffi akauliza kama ni kweli. Bibi akamjibu, "Mwache, ana njaa."

Sasa kosa langu. Muziki sikuwa na uwezo nao, nikamwita Birame Samb, malenga wetu. Nikajiambia, Birame halipwi na anayemwita, hutunzwa na anaowasifu, basi kwangu ni bure. Nikamfundisha siku mbili: akitoka mwanamke, ataje nguo. Kitambaa, mkono, shingo, basi. Akaniapia kwa mama yake.

Wa kwanza akatoka mama muuza uji, kwenye kile cha bluu chenye ndege, mikono mipana, kilemba kirefu. Akaingia kwenye jua la kwanza. Birame akaanza, "Hili ni gauni la bluu, mikono yake..." Akamtazama usoni. Akasita. Nikamwona kabisa anavyoshindwa. "Lakini huyu si mjukuu wa Madiop Guèye? Madiop aliyelisha mtaa mzima mwaka wa nzige? Madiop asiyefunga mlango?" Ngoma yake ikadakia. Mama wa watu akasimama katikati ya magunia, machozi yakamtoka, na kwa kuwa hakuwa na pesa akafungua kilemba, kitambaa chako cha bluu, akamzungushia Birame shingoni.

Nikatoka nyuma mbio. "Babu Birame! Nguo! Taja nguo!"

"Nataja aliyemo ndani ya nguo," akasema. "Nguo yenyewe watu wanaiona, si vipofu."

Wa pili akasifiwa ukoo wa mamaye, akatoa shali. Mwalimu wa chekechea aliapa nyuma ya pazia kwamba yeye hatoi kitu, yeye ni mtu wa serikali. Alipotajiwa bibi yake alivua mkufu wa shanga niliouazima kwa msusi. Msusi akapiga kelele kutoka nyuma, "Huo wangu!" Birame akamjibu bila kuacha ngoma, "Toka uje kuudai, nikutajie na wewe!" Akatoka kabla ya zamu yake, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Jua nalo lilikuwa linasogea. Alama zangu za chaki zikabaki kwenye kivuli, na wanawake wakaanza kulifuata jua wenyewe, kila mmoja kwa njia yake. Nusu ya mkusanyo wangu ilikuwa begani kwa Birame Samb, na mzee alikuwa amependeza kuliko wote.

Nilitaka kulia. Nikamtazama Bi Koffi. Alikuwa amesimama.

Wa mwisho alikuwa Seynabou.

Sasa nakuambia nani alikata. Jumatano ile nilipofungua sanduku mkono wangu ulikataa. Seynabou alikuwa nyuma yangu. Akaniuliza, "Vitambaa hivi alimnunulia nani?" Nikasema, wewe. "Basi lete mkasi." Akakata cha kwanza, kile cheusi chenye duara nyekundu, sawa kabisa, bila kuchora mstari. Kisha akanirudishia mkasi na kusema, "Vingine kata wewe, nimekuruhusu." Barua yako ilikuwa bado iko kwenye mto wako huko. Umeandika mkasi wa kwanza ni wa bibi harusi. Ndivyo ilivyokuwa.

Kile cheusi ndicho alichovaa. Kanzu pana, shingo imetariziwa uzi mwekundu, nyuma inaburuza. Zamu yake ilipofika viatu vilikuwa vimekwisha. Jozi zote nne zilikuwa zinacheza ngoma na wenye miguu. Nikamwambia subiri. Akasema, "Jua linaondoka." Akatoka peku, hina miguuni, magunia chini yake. Kiraka cha mwisho cha jua kilikuwa karibu na mlango, naye akakiendea polepole kama mtu anayerudi kwake.

Birame alimwona. Safari hii hakutaja hata kitambaa. Alianza na baba yake Seynabou, akapanda kwa babu. Kisha akageuka akaanza na kina Diop. Akataja baba yako. Akamtaja marehemu baba yangu, nikashika ukuta. Halafu: "Ndiaga! Ndiaga Diop aliye msituni, anayeangusha miti ambayo watu saba hawawezi kuikumbatia! Huyu ndiye mke wako anatembea! Rufisque, mmemwona? Mke wa Ndiaga huyu!" Na ghala zima likaitikia jina lako. Hata Mzee Ndiaye aliitikia, akaongeza, "Mtumwa mzuri huyo!"

Utaniuliza kama nilimtuma Birame aseme hivyo. Huku nako mvua zimeanza.

Seynabou hakulia. Hakuvua kitu chochote kumpa. Alimwambia Birame mbele ya watu, "Zawadi yako ataileta mwenye jina." Vigelegele hivyo sijawahi kusikia.

Unajua maana yake. Umeimbwa pamoja naye mbele ya mji. Jumatatu kola za yule wa Kaolack zilirudishwa na kikapu chake.

Bi Koffi alinishika mkono mlangoni. "Binti, nimeona wasichana wengi wanaotembea kama wanaumwa tumbo. Leo nimeona nguo zinazomfanya mtu aitwe kwa jina." Ameagiza kumi na mbili, kila moja kwa saizi tatu, na vitambaa atavileta yeye. Zile za mikono mipana amezikataa, amesema Abidjan kuna joto. Nilibishana naye. Nilishindwa. Nimelipa kodi ya chumba karibu na msikiti, kina dirisha.

Birame amerudisha kila kitu isipokuwa kilemba cha bluu. Amesema hicho alipewa kwa machozi, hakirudi.

Nijibu. Nijibu kuhusu yeye, si kuhusu mto.

Mwanao,
Maguette


Kambi ya Magogo
12 Julai 1987

Mwanangu Maguette,

Salamu kwa wote. Nianze na Seynabou, nimsalimie wa kwanza. Salamu kwa Seynabou. Kisha mama, kisha nyumba, kisha Mzee Ndiaye mla pumba.

Barua zako tatu zimefika kwa boti moja. Nilizisoma kwa mpangilio, kwa hiyo nilikasirika barua mbili. Nilikuambia usikate. Hilo libaki limesemwa. Ya tatu niliwasomea wenzangu bandani. Kuna Mgabon mmoja, fundi wa trekta, anaitwa Nzamba, alinikatiza: "Ngoja. Huyo mzee amekuoza ukiwa hapa, unakula mhogo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwenu hatari." Jioni hiyo waliniita bwana harusi, na hadi leo hawajaacha.

Sasa nitaandika lile nililosema si la kuandika. Novemba gogo liliteleza kwenye mnyororo likapita juu ya mguu wangu wa kushoto. Vidole viwili havipo. Nachechemea, na nitachechemea maisha yote. Ndiyo sababu ya chaki, ndiyo sababu Modou alitazama mlango, na ndiyo sababu sikumsalimia mtu niliyepaswa kumsalimia. Niliona heri akasirike aende kwa mwingine kuliko anipokee stendi akiwa na huruma. Nilikuwa nasubiri achoke. Hakuchoka, nami sikuwa na mpango mwingine.

Mkataba wangu unaisha Oktoba. Sitauongeza. Nitakuja kabla ya Maulidi, nikiwa na zawadi ya Birame na kitambaa kimoja, cha mwisho, cheupe kama chumvi. Kikifika kwa mkono wa Nzamba, ambaye anakwenda Dakar kuangalia trekta, nishonee kanzu pana na suruali. Nimejipima kwa utepe wa magogo. Kifua tisini na moja, zamani kilikuwa zaidi ya mia, usishtuke. Bega hamsini. Urefu kutoka bega hadi sakafuni mia moja hamsini na nne, nilisimama wima kadiri nilivyoweza.

Suruali ishushe hadi chini kabisa, ifunike viatu. Cha kushoto nitakijaza pamba.

Barua hii usiisome kwa nyumba nzima. Msomee Seynabou peke yake, yote, hata mahali pa mguu. Halafu uniambie alivyosema.

Ndiaga


Rufisque, 16 Agosti 1987

Baba Mdogo,

Shikamoo. Bibi mzima, sote wazima, chumba kina cherehani mbili sasa. Nzamba alifika na kitambaa, akakaribishwa wali kwa samaki, na Bibi amekataa aondoke kabla ya Ijumaa.

Nilimsomea Seynabou, yote. Aliniomba nirudie mahali pa mguu. Nikarudia. Akachukua mkasi mezani, akakata kitambaa cheupe mwenyewe, kisha akakunja kipande cha suruali kwa vidole na kuniwekea alama ya chaki, juu kidogo ya kifundo.

"Ishie hapa," akasema. "Viatu vyake vionekane. Mimi nilitembea peku mbele ya Rufisque nzima."

Maguette